MPIRA MREFU: UWE WA NAMNA GANI, NA NANI AULIPE



Kila apitaye Malaba huyaona malori. Yametoka Mombasa, yamebeba makontena, chuma, ngano na mafuta, nayo yangoja kuvuka kwenda Uganda, na mengine kuendelea mpaka Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Siku njema hupita upesi. Siku mbaya foleni hurudi nyuma kilomita nyingi, kama tulivyoona mwaka 2020 madereva walipokuwa wakipimwa Korona, na tena mwezi wa Januari 2022. Kwa dereva foleni ni hasara. Kwa sisi tuoshao magari, foleni ndiyo shamba letu, maana lori lililosimama ni lori liwezalo kuoshwa.

Lakini lori lililo katika foleni halitoki. Likitoka limekwisha poteza nafasi yake, na dereva hawezi kukubali hayo kwa sababu ya tope. Basi hatuna budi kuyapeleka maji kwenye lori, wala si lori kuletwa kwenye maji. Hapo ndipo ulipoanza mpira mrefu. Zamani mita 10 zilitosha katika kiwanja cha kuoshea. Siku hizi matajiri wataka mita 30, wengine mita 60, na mwoshaji aambiwa, "Vuta tu, utafika."

Twaandika tahariri hii kwa kuwa malalamiko ya namna mbili yamekuwa yakiletwa ofisini mwetu mara kwa mara. Wa kwanza wasema: mpira ukirefushwa maji hupoteza nguvu, na msimamizi hukaza vali ya pampu ili nguvu irudi. Wa pili wasema: mpira upasukapo, bei yake hukatwa katika malipo ya mwoshaji. Watu wengi wadhani hayo ni mambo mawili. Sisi twasema ni jambo moja, na tutaeleza kwa nini.

Mwenzetu mmoja, hatutamtaja jina, alikuwa akiosha trela la saruji iliyoganda. Mipira mitatu myembamba ilikuwa imeunganishwa pamoja. Maji yakamfikia dhaifu. Msimamizi akachukua spana akakaza vali. Maji yakapata nguvu, kazi ikaendelea. Mwenzetu alipoachia kifyatuo cha bunduki ili ahamie upande wa pili, kiungio cha katikati kikafunguka, mpira ukaruka kama nyoka ukampiga mguuni. Alilala nyumbani siku tisa. Aliporudi aliambiwa kwamba ameharibu mpira, na kwamba ataulipa kidogo kidogo.

Sasa tuulize, ni nani aliyeuharibu mpira ule?

NGUVU YA MAJI HUPOTELEA WAPI

Maji yapitapo ndani ya mpira husuguana na kuta zake, na msuguano huo hula presha. Mpira ukiwa mrefu mara mbili, presha iliwayo ni mara mbili. Hilo kila mtu alifahamu. Lisilofahamika na wengi ni habari ya tundu. Tundu likipungua kidogo tu, hasara huongezeka mno.

Tuchukue pampu itoayo lita 15 kwa dakika. Kwa hesabu yetu, mpira wa mita 30 wenye tundu la robo inchi hula takriban baa 30. Wenye tundu la milimita 8 hula takriban baa 10. Wenye tundu la milimita 9.5, ule uitwao madukani tatu kwa nane, hula baa 5 au pungufu kidogo. Kwa mita 60 zidisha mara mbili. Basi mwenye mashine ya baa 150 akivuta mita 60 za mpira wa robo inchi, baa 60 zimekwisha liwa njiani. Akivuta tatu kwa nane, zimeliwa kama 10 tu. Mashine ni ile ile na umbali ni ule ule. Tofauti ni tundu, na tofauti ya tundu lenyewe ni milimita 3.

Mashine ndogo itoayo lita 8 kwa dakika hupoteza karibu theluthi moja ya hesabu hizo, kwa sababu maji machache husuguana kidogo. Mwenye mashine ya namna hiyo aweza kutumia mpira mwembamba kwa mwendo mfupi asione shida. Lakini mashine za kazi ya malori si za namna hiyo.

MTEGO WA VALI

Sasa tuje kwenye spana. Katika kichwa cha pampu iko vali iyarudishayo maji nyuma wakati bunduki imefungwa. Skrubu yake ndiyo iwekayo kikomo cha presha. Mtu akiona maji dhaifu mbele, aikaza, naye adhani kwamba amezirudisha tu zile baa zilizopotea.

Kumbukeni, ndugu, kwamba presha huliwa wakati maji yaendapo. Bunduki ikifungwa maji husimama, na maji yaliyosimama hayasuguani na kitu. Hapo presha yote ya pampu huenea mpira mzima, mita ya 60 sawasawa na mita ya kwanza. Zile baa 50 zilizoongezwa kwa spana sasa zausukuma kila uzi wa mpira, kila kiungio, na mkono wa mwoshaji aliyeshika bunduki. Ndiyo sababu ajali huweza kutokea wakati wa kuachia, si wakati wa kuosha tu.

Basi mpira ule haukuharibiwa na mwoshaji. Uliharibiwa siku uliponunuliwa mwembamba ili fedha kidogo ziokolewe, ukaharibiwa mara ya pili kwa spana. Rahisi huvunja upishi. Lakini hapa kilichovunjika ni mguu wa mtu, naye mwenye mguu ndiye adaiwaye.

Kuna wengine wabadilishao nozeli na kutia yenye tundu dogo. Hiyo nayo si dawa. Presha yaongezeka, lakini maji yapungua, na tope la Malaba huondolewa kwa wingi wa maji pamoja na nguvu. Ila kabla ya kuulaumu mpira, itazameni nozeli ya zamani. Ikiwa imelika na tundu limepanuka, presha haitapanda hata mpira ukiwa wa mita 5. Itoeni, mtie mpya yenye namba ile ile inayofaa pampu yenu.

MPIRA WA KUCHAGUA

Twawaomba wanachama wayaweke haya moyoni, ili waulizwapo dukani, au waulizwapo na tajiri, wawe na jibu.

1. Kwa mita 30 au zaidi, na pampu ya lita 15 au zaidi, takeni tatu kwa nane. Chini ya hapo ni kujidanganya.

2. Someni maandishi juu ya mpira. Presha ya kazi iliyoandikwa isiwe chini ya presha ya juu kabisa ya pampu. Wengine huandika kwa baa na wengine kwa PSI. Baa 1 ni PSI 14.5, basi baa 200 ni PSI 2,900. Mpira usio na maandishi, au uliofutika, msiukubali.

3. Viungio, bunduki na fimbo yake viwe na nguvu hiyo hiyo au zaidi. Kilicho dhaifu kupita vyote ndicho kitakachopasuka.

4. Mpira wa njano wa pampu ya kunyunyizia dawa shambani ni mzuri katika kazi yake. Pampu zile hufanya kazi kwa baa 20 hadi 40 hivi. Watu wengi hapa kwetu huoshea magari kwa pampu hizo na mipira hiyo, nasi hatuwalaumu. Lakini kuufunga mpira ule kwenye mashine ya baa 150 ni kutafuta kilio.

5. Mashine ya maji moto yataka mpira ulioandikiwa moto. Ule wa maji baridi hulainika na kupasuka.

6. Mpira wenye waya safu mbili ni imara kuliko wa safu moja, lakini ni mzito. Mita 60 za mpira wa namna hiyo si mzigo wa mtu mmoja. Tajiri akiununua, na awatoe watu wawili wa kuuvuta.

7. Upande wa bunduki fungeni kipande laini cha mita 3 hadi 5, chepesi, ili mkono usichoke. Kipande kifupi hakili presha nyingi. Lakini nacho kiwe na nguvu ya pampu nzima, kwa sababu tuliyokwisha kuieleza.

8. Viungio viwe vichache. Vipande viwili vya mita 30 ni bora kuliko sita vya mita 10. Na kila mwisho wa mpira ubanwe kwa mashine na fundi wa mipira ya haidroliki, si kwa waya wa kufungia wala kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

KUUTANDIKA MPIRA

Pampu na ikae karibu na tangi, urefu uwe upande wa kusukuma. Pampu ni hodari wa kusukuma, lakini si hodari wa kuvuta. Mtu akiiweka karibu na lori na kuivutisha maji mita 50 kwa mpira mwembamba, pampu hukosa maji, hupiga kelele na kutetemeka, na sili zake hufa mapema. Mpira wa kuleta maji kwenye pampu uwe wa robo tatu ya inchi au zaidi, uwe na chujio, maana maji ya visima na ya mtoni yana mchanga.

Kuna kipimo kisichogharimu kitu. Chukueni jerikeni ya lita 20 na simu yenye saa. Ufungueni mpira wa kuletea maji uijaze. Pampu ya lita 15 kwa dakika yataka jerikeni ijae katika sekunde 80, wala si zaidi. Ikijaa kwa dakika moja ni vizuri, kuna akiba. Ikichukua dakika mbili, msiwashe.

Wenye mashine ya umeme wasirefushe waya wa umeme juu ya tope, na warefushe mpira wa maji. Plagi zikae mbali na maji, na swichi ya kukata umeme uvujapo iwepo.

Kabla ya kuwasha, shikilieni kifyatuo mpaka maji yatoke bila hewa. Mkimaliza, zimeni mashine, kisha bonyezeni kifyatuo mpaka maji yaishe nguvu, ndipo mfungue kiungio. Asiyefanya hivyo hufungua kiungio chenye presha usoni pake.

Mpira upite kando ya barabara. Usipite chini ya magurudumu ya lori lililo katika foleni, hata kama dereva amezima injini na taniboi wake amelala. Foleni haipigi hodi. Lori la mbele likisogea, la nyuma husogea, na mpira uliokanyagwa na tani nyingi huvunjika waya wa ndani bila kuonyesha jeraha nje. Siku tatu baadaye hupasuka mkononi mwa mtu mwingine. Kukiwa hakuna njia ila kuvuka mahali pa magari, tandikeni mbao mbili huku na huku kupita unene wa mpira, na mwekeni mtu wa kulinda. Na kila kiungio kifungwe kamba ya waya kuanzia mpira huu hadi huu, ili kikifunguka mpira usiruke.

Kila asubuhi mmoja autembelee mpira kutoka mwanzo hata mwisho. Atafute mahali palipovimba, palipolowa, palipochunika mpaka waya waonekana, na mahali ambapo chuma cha mwisho kimesogea. Penye kuvuja apapime kwa kipande cha katoni, asipapime kwa kidole. Mpira uliotoa waya utolewe kazini siku hiyo hiyo, upelekwe kwa fundi akate na kubana upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KIJERUHI KIDOGO KISICHO KIDOGO

Kuna jambo ambalo limewapoteza watu wengi katika nchi nyingi. Maji ya presha kubwa yaweza kupenya ngozi kama sindano. Huacha kitundu kidogo, pengine hakitoi hata damu ya kutosha kulowesha kitambaa, na mtu hucheka akarudi kazini. Ndani, maji, sabuni na uchafu wa lori vimekwisha enea katika nyama na mishipa. Jioni mkono huvimba. Akikawia, aweza kupoteza kidole, au mkono mzima.

Aliyepigwa hivyo aende hospitali saa ile ile, iwe Kocholya au Busia, na amwambie daktari kwa maneno wazi: "Nimepenywa na maji ya presha." Asiseme amejikwaruza. Na sisi wenzake tusikubali kumwacha mpaka zamu iishe.

Glavu za kawaida hazizuii maji hayo, lakini miwani, buti za mpira na aproni vyatukinga na mawe yarukayo na maji ya mafuta. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe nguo za kujikinga kwa watu wafanyao kazi ya majimaji. Kwa hiyo si zawadi, na si kitu cha kuombwa kwa magoti.

NANI AULIPE

Turudi sasa kwa mwenzetu aliyeambiwa alipe.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataja makato ambayo mwajiri aruhusiwa kuyakata. Kuhusu mali iliyoharibika, yasema kiasi kiwe cha haki, na hasara iwe imeletwa na kosa la makusudi la mfanya kazi mwenyewe. Mpira uliochakaa ukipasuka haukupasuliwa makusudi na mtu. Mpira mwembamba uliokazwa kwa spana ya msimamizi haukupasuliwa makusudi na mwoshaji. Makato hayo hayana mguu wa kusimamia.

Wako waambiwao, "Wewe ni kibarua tu, sheria haikuhusu." Hayo si kweli. Kibarua ni mfanya kazi, na aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Tena Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, yamtaka mwajiri awe na bima ya watu wake. Aumiaye aripoti siku hiyo hiyo, ashike karatasi ya hospitali, na awe na majina ya waliomwona.

Na aonaye hatari kubwa, amwambie msimamizi wake. Sheria ya Usalama yasema mfanya kazi asirudishwe penye hatari kubwa iliyo karibu kabla haijaondolewa. Basi kukataa kushika mpira uliotoa waya si ukaidi. Lakini kataeni kwa adabu, kataeni pamoja, na semeni sababu. Mmoja akikataa peke yake, jioni huambiwa kesho asije. Kumi wakikataa, mpira hununuliwa.

Kwa hayo yote, chama chetu chawataka wenye viwanja wa Malaba na Busia mambo haya manne:

Kwanza, mpira ni chombo cha mwenye mashine, kama pampu yenyewe. Aununue yeye, wenye tundu na nguvu ifaayo.

Pili, vali ikishawekwa na fundi, itiwe rangi juu ya skrubu ili kila aliyeigusa ajulikane.

Tatu, makato yote ya mipira iliyopasuka yakome, na yaliyokatwa bila haki yarudishwe.

Nne, kila kiwanja kiwe na mtu mmoja aliyechaguliwa na waoshaji wenyewe, mwenye haki ya kuutoa mpira mbovu kazini bila kumwuliza mtu.

Tena tuna neno kwa wenzetu wa vikundi, ambao mashine ni yao wenyewe. Ninyi hamna tajiri wa kumlaumu. Wekeni kando kiasi fulani kwa kila lori mnaloosha, kiitwe fedha ya mpira, kisiguswe kwa jambo lingine. Nunueni mita 30 nzuri kwanza, kisha 30 nyingine. Kikundi kinachogawana kila senti jioni ndicho kinachofunga mpira kwa waya asubuhi.

Ndugu, shehena hii tuioshayo matope imetoka katika bandari ile ile ambako wapakuzi na wafanya kazi wa Mombasa waligoma mwaka 1947, na wa bandarini tena mwaka 1955. Wao walidai malipo yao pamoja, wala hawakungoja kila mtu adai lake. Sisi tulio mwisho wa barabara hiyo hiyo twadai jambo dogo: chombo kizuri, na mguu usiodaiwa.

Atakayekatwa fedha kwa mpira uliopasuka wiki hii, na aje ofisini na kipande cha mpira huo. Tutapima tundu lake mbele ya tajiri wake.

Umoja ni nguvu.